Nimecheza mashimo 18 ya gofu na pro anaefundisha, mpaka shimo la 14 hajanifundisha kitu. Ndivyo inavyokua?

Mpwani wa Shangani

Wakuu habari za jioni. Najua wengi humu saa hizi akili iko kwenye salfa na mikorosho ila naomba mnivumilie, nina swali la gofu na hapa Mtwara sina mtu wa karibu anaecheza nikamuuliza ana kwa ana.

Mimi nilianza gofu nikiwa kazini Dar, nikacheza miaka mitatu, handikapu (kipimo cha kiwango, ikiwa ndogo ndio nzuri) ikashuka mpaka 24, halafu nikahamishiwa huku. Tangu nihamie mazoezi yangu ni ufukweni hapa Shangani maji yakikupwa, nashika fimbo mbili tatu napiga kidogo narudi nyumbani. Nikipata likizo napanda basi la Dar, usiku au alfajiri, naenda kucheza raundi moja au mbili narudi.

Safari hii nikaamua nisicheze hovyo, nikamtafuta pro ambae alishawahi kunifundisha mara tatu kwenye uwanja wa mazoezi, nikamwambia nataka tuingie wote uwanjani tucheze mashimo yote 18. Akakubali. Nikalipia ada ya uwanja, kedi (mbeba mfuko wa fimbo), na pesa yake ya kufundisha, na kwa mtu aliyetoka kusini na nauli juu mjue hiyo sio hela ndogo.

Sasa huyu mtu tukiwa kwenye mazoezi anaongea sana, mkono hivi, bega hivi, kichwa tuliza. Lakini siku hiyo shimo la kwanza kimya. La pili kimya. Anapiga mpira wake (na anapiga vizuri jamani, kama hatumii nguvu kabisa), anatembea, ananiuliza habari za Mtwara, korosho zinaendaje, kama gesi ya Msimbati naiona kwa macho au nasikia tu. Nikipiga vizuri anasema "safi". Nikipiga kwenye maji anasema "pole, tuendelee". Ana kidaftari kidogo mfukoni, kila shimo anaandika kitu. Nikajaribu kumuuliza shimo la 6 kwanini mpira wangu unakata kulia kila saa, akanijibu "tutaongea, cheza kwanza".

Shimo la 14 ni paa 3 (la kumaliza kwa mikwaju mitatu), kulia kuna bwawa, na bendera ya kuonyesha shimo siku hiyo ilikua kuliakulia karibu na maji. Nikachomoa fimbo namba 7 nikajipanga. Ndio akasimama mbele yangu akaniuliza swali moja, "ukikosa hapa, unataka mpira ukae wapi?" Wakuu sikua na jibu, miaka minne nacheza sijawahi kujiuliza hilo. Akaniambia basi usipige mpaka uwe na jibu. Nikaangalia, kushoto kwa griini (sehemu laini yenye shimo lenyewe) kuna majani mafupi tu, hakuna maji hakuna banka la mchanga. Nikabadilisha fimbo nikachukua namba 6 inayofika mbali zaidi, nikalenga katikati kushoto, mpira ukaangukia pembeni ya griini, nikausogeza, nikapiga puti mbili (mipigo ya kuusukuma mpira shimoni), jumla nne. Bogi (moja juu ya paa) ya kawaida tu lakini ndio shimo pekee siku hiyo nililocheza moyo haunidundi.

Nikamaliza na mikwaju 99 kwenye uwanja wa paa 72. Akanichania karatasi yake akanipa, imeandikwa hivi: mipira iliyopotea au kuingia majini 5, draiva (fimbo ndefu kuliko zote) mara 13, puti 38, na chini kabisa "bendera mara 15". Hiyo ya mwisho alinieleza ni mara ambazo nililenga bendera moja kwa moja bila kuangalia kuna nini pembeni yake. Hakuna hata neno moja kuhusu swingi yangu (ninavyozungusha fimbo) wala huo mpira kukata kulia.

Sasa maswali yangu. Ndivyo raundi na pro inavyotakiwa iwe? Au alikua anaogopa sheria, maana nasikia kwenye gofu huruhusiwi kupeana ushauri mkiwa mnacheza? Na nikienda tena mwezi wa tisa nimwambie nini ili nisirudi na karatasi tu?

Mwera wa Mitwero

Mkuu mimi gofu sichezi, nafundisha vijana mpira wa miguu huku Lindi, ila hiki kitu nakielewa sana. Siku ya mechi mimi simfundishi mtoto kupiga pasi. Kama hajui pasi Jumanne, Jumamosi hatojua. Siku ya mechi namwangalia akiwa na presha anafanya nini, anapiga mbele bila kuangalia au ananyanyua kichwa. Nikimpigia kelele kila akigusa mpira namuona anacheza kwa masikio yake sio kwa macho yake. Huyo pro wako nadhani alitaka akuone wewe, sio akuone wewe ukiwa unamsikiliza yeye.

Chikongola moja

Naheshimu alichosema kocha hapo juu ila sikubaliani. Huyu ndugu kalipa. Katoka Mtwara mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 550, kalipa na kedi, halafu mashimo 13 anaulizwa habari za korosho? Mimi ni fundi umeme, mteja akinilipa nimfundishe kijana wake kazi siwezi kukaa kimya siku nzima halafu jioni nimpe karatasi ya makosa. Angalau angemwambia asubuhi, "leo nakuangalia tu mpaka hapa, baada ya hapo tunaongea". Kosa la pro ni hilo, hakusema. Kazi yake inawezekana kaifanya vizuri lakini mwenye pesa alitembea masaa matatu hajui kinachoendelea, na mtu akiwa hajui kinachoendelea hajifunzi, anaumia tu moyoni.

Mama K wa Mtanda

Mdogo wangu pole na safari, na hongera. Mimi nipo Lindi kwa sasa lakini nimekulia Moshi, kaka zangu wawili walikua wanabeba mifuko ya wachezaji tangu wakiwa shule ya msingi na mimi nilijifunzia hapo hapo, kwahiyo hizi raundi na mapro nimeziona nyingi, nikiwa mchezaji na nikiwa nimebeba mfuko.

Kwanza nimjibu huyo fundi umeme, nakubaliana nae kwenye jambo moja, mngekubaliana kabla. Ukienda mwezi wa tisa mwambie kwenye tii ya kwanza (pale mnapoanzia kupiga) unachotaka, mwambie "naomba mashimo 9 ya kwanza uniangalie, 9 ya mwisho tuongee kila mpira". Pro mwenye busara hakatai hilo.

Ila hiyo karatasi usiidharau, naomba uisome tena taratibu. Mipira 5 iliyopotea au kuingia majini. Kila mpira unaotoka nje ya mipaka unarudi kupiga pale pale na mkwaju mmoja wa adhabu juu, kwahiyo mpira mmoja umekula mikwaju miwili. Majini unakula mmoja na mara nyingi unabaki mbali. Weka hata kwa kukadiria chini, mikwaju 7 imeenda hapo. Toa 7 kwenye 99. Una 92, na hujabadilisha kitu chochote kwenye swingi! Halafu puti 38. Wale wanaocheza ligi kubwa Marekani wastani wao ni kama 29 kwa raundi, wewe huhitaji 29, ukifika 34 tu umeshapata minne mingine. Sasa niambie, kama ungekua wewe ndio pro, una mtu ambae karibu mikwaju 11 inapotea kwa maamuzi na kwa puti, ungemshika bega kwenye shimo la 6 umwambie habari za kukata kulia?

Na kuna kitu hakikuelezwa kwenye karatasi lakini nakiona. Draiva mara 13. Uwanja wa paa 72 kwa kawaida una paa 3 nne, kwahiyo mashimo yanayobaki ni 14, maana yake umechomoa draiva karibu yote. Na mpira wako unakata kulia. Sasa fimbo ndefu kuliko zote ndiyo inayozidisha kukata, kwasababu uso wake hauna mlalo mkubwa wa kuupandisha mpira, ule mzunguko wa pembeni unajionyesha sana kuliko kwenye fimbo namba 8 au 9. Kila ukichomoa draiva kwenye shimo jembamba unauita huo ugonjwa uje. Pro alikua anakuhesabia hilo, naamini kabisa.

Swali alilokuuliza la 14, "ukikosa unataka ukae wapi", mdogo wangu hilo ndio somo lenyewe ulilolipia. Kaka yangu mkubwa alikua anasema bendera ni ya kumwonyesha mgeni shimo liko wapi, haimwambii apige wapi. Kwenye mazoezi hakuna bwawa, hakuna upepo, hakuna mtu anakusubiri nyuma, pro hawezi kuona unachagua nini kwasababu hakuna cha kuchagua. Ndio maana mnaingia uwanjani.

Na kukaa kimya kwake kulikua ni kazi. Nimembebea mfuko mwalimu mmoja Moshi, mwanafunzi akishapiga mpira mbaya alikua anahesabu sekunde mpaka yule mwanafunzi anapiga unaofuata. Aliniambia wengi baada ya mpira mbaya wanaharakisha, wanataka aibu iishe, na mpira wa pili unakua mbaya kuliko wa kwanza. Sasa hiyo utaijuaje ukiwa unamwongelesha mtu? Akishaongea nae, yule mtu anatulia, ugonjwa unajificha.

Kanuni Tupu

Nijibu la sheria tu. Kwenye mashindano, Kanuni ya 10.2 inakataza kumpa ushauri mtu anaeshindana na wewe uwanjani au kumuomba ushauri mtu yeyote asiyekua kedi wako. Ukiuliza "umetumia fimbo gani" kwenye mashindano ya kuhesabu mikwaju, ni adhabu ya mikwaju miwili. Ukiuliza "kutoka hapa mpaka griini ni umbali gani" au "bwawa liko wapi" hiyo sio ushauri, ni taarifa ya wazi kwa kila mtu, unaruhusiwa. Hata kuulizana sheria unaruhusiwa.

Ila nyie hamkua mashindanoni, mlikua kwenye somo, kwahiyo angeongea asubuhi mpaka jioni hakuna kosa. Kitu kimoja tu, hiyo kadi ya 99 usiipeleke kwenye handikapu. Raundi ya handikapu inachezwa kwa sheria, na wewe umepewa ushauri na mtu ambae sio kedi wako.

Nyongeza kwa wanaorudi uwanjani baada ya muda mrefu, tangu 2019 kutafuta mpira ni dakika 3 sio 5 tena, mpira wa kuangushwa unaachiwa usawa wa goti sio bega, na bendera unaweza kuiacha shimoni ukipiga puti.

Mpwani wa Shangani

Dada Mama K shkamoo na ahsante sana. Nimekaa na karatasi hapa mezani nimepiga hesabu upya na kweli kwenye ile mipira mitano, miwili ilitoka nje na yote ilikua draiva, mashimo ambayo ningepiga namba 5 ningekua salama kabisa. Mitatu majini, na miwili kati ya hiyo nililenga bendera iliyokua imekaa karibu na maji. Kanuni Tupu nashukuru pia, kadi sipeleki.

Chikongola moja na wewe umeniongelea moyo wangu, maana ukweli kilichoniuma sio kimya chenyewe, ni kutojua. Ningeambiwa mapema ningetembea na amani. Nitamwambia kwa heshima tukionana.

Dada swali lingine, huku sina bwawa wala griini wala bendera. Hayo ya maamuzi nitayafanyia wapi mazoezi? Na huo mpira kukata kulia niuache tu?

Mama K wa Mtanda

Marahaba mdogo wangu. Usiuache, ila ufanyie kazi nyumbani, sio kwenye siku ya raundi. Na wewe una kitu ambacho watu wa Moshi na Arusha hawana, una mchanga wa bahari bure.

Maji yakikupwa mchanga unabaki umeshikana, mgumu kidogo. Chukua kijiti chora mstari mrefu unaokwenda mbali na miguu yako, kama vile mpira ungekaa juu ya huo mstari. Usiweke mpira. Piga swingi na fimbo namba 8 halafu angalia alama. Alama inatakiwa ianzie kwenye mstari na iende mbele, upande wa unakolenga. Ikianzia nyuma ya mstari maana yake unagonga ardhi kabla ya mpira, uzito wako umebaki mguu wa nyuma. Halafu angalia alama imeelekea wapi. Kama unatumia mkono wa kulia na alama inaelekea kushoto, fimbo yako inatoka nje inakuja ndani, na uso ukiwa umebaki wazi ukilinganisha na hiyo njia, mpira lazima ukate kulia. Mpira unaanza kwenda kule uso wa fimbo ulikotazama, halafu unajikunja kwasababu uso na njia ya fimbo havikukubaliana. Mchanga utakuonyesha njia, na haudanganyi. Majani yakikatwa kidogo yanaficha, mchanga unachora kila kitu.

Mchanga mkavu wa juu ndio banka yako. Hapo fungua uso wa fimbo ya mchanga, piga mchanga kama sentimita 5 nyuma ya mpira, mchanga ndio utoe mpira. Hiyo fimbo ina tumbo chini kwa makusudi ili isizame, Gene Sarazen ndie aliyeipa umaarufu miaka ya mwanzo ya 1930, na 1932 akabeba ubingwa wa wazi wa Uingereza akiwa nayo.

Na kusi hili linalovuma sasa hivi litumie. Upepo ukikuja usoni usipige kwa nguvu, chukua fimbo ndefu zaidi piga taratibu. Ukipiga kwa nguvu mpira unazunguka sana kurudi nyuma, unapanda juu, upepo unaukamata unaudondosha. Uliniambia pro wako anapiga kama hatumii nguvu, basi na hilo alikua anakufundisha, hukulisikia tu kwa sababu hakulisema kwa mdomo.

Maamuzi unaweza kufanya popote. Kabla ya kila mpira, hata ufukweni, jiulize ukikosa unataka ukae wapi, ujibu kwa sauti, ndio upige. Na puti fanya sebuleni. Hao wa ligi kubwa kutoka futi 8 wanaingiza kama nusu tu, kwahiyo wewe usijilaumu ukikosa futi 8, jilaumu ukikosa futi 3 baada ya hiyo. Fanya futi 3 mia moja kila usiku.

Mwisho nakuomba kama dada. Mipira halisi usipige Shangani watu wakiwepo. Mpira wa gofu una gramu kama 45 na ni mgumu kama jiwe, na pale kuna watoto, kuna wavuvi wanatengeneza nyavu, kuna kina mama wanaokota chaza. Zoezi la mstari halina mpira, linakutosha. Na fimbo ukirudi zioshe na maji ya bomba uzikaushe, chumvi inakula chuma.

Mpwani wa Shangani

Nimepokea dada yote, na hilo la watoto umesema kweli, nilikua napiga upande ambao niliona hauna watu lakini ufukwe hauna geti, mtu anatokea tu. Nimeacha kuanzia leo.

Asubuhi nimeenda maji yakiwa mbali kabisa. Nimechora mistari 30. Alama 21 zimeanzia nyuma ya mstari, na karibu zote zimeelekea kushoto kama ulivyosema. Nilikaa chini nikaziangalia muda mrefu kwasababu hii ni mara ya kwanza naona kosa langu likiwa limekaa mbele yangu halisogei, siku zote nilikua naliona tu mpira ukiwa umeshapotea. Kumi za mwisho nikaweka uzito mguu wa mbele tangu mwanzo, sita zikaanzia kwenye mstari.

Nimempigia na pro. Nikamwambia kuhusu kutojua kinachoendelea siku ile, akaniomba radhi vizuri tu, akasema alidhani kedi ameniambia kwasababu wanafunzi wake wengi wa Dar wanajua utaratibu wake. Tumekubaliana mwezi wa tisa 9 za kwanza kimya na 9 za mwisho maneno, na draiva nitaibeba lakini ataniambia mashimo manne tu ya kuitumia.

Mwanamikindani

Samahani naingia kwa kuchelewa. Mimi nipo Mikindani, nina seti ya fimbo za marehemu baba mdogo zimekaa ndani tangu tumzike, sijui hata kuzishika ila sitaki kuziuza. Mkuu wa Shangani, kesho maji yanakupwa saa ngapi? Naweza kuja na kijiti changu?

Mpwani wa Shangani

Karibu sana ndugu yangu, na pole kwa baba mdogo. Leo yalikua chini kabisa saa moja na nusu asubuhi, kesho itakua kama dakika 50 mbele, kwahiyo fika saa mbili. Njoo na ile iliyoandikwa 8, zingine ziache nyumbani kwanza.